Shule Iliyosema Hakuna Tatizo

Mwalimu mkuu alisema "hakuna tatizo" kabla hawajakaa sawasawa vitini, na papo hapo Sanae Kiriyama akaanza kumshuku.

Haikuwa chuki. Ilikuwa kazi. Kwa miaka kumi na tisa Sanae alikuwa akikagua lifti za majengo ya mji wa Okayama, Japani, na kama kuna jambo alilojifunza ni hili: msimamizi anayelalamikia lifti yake hana la kuficha. Wa kuogopwa ni yule anayekungoja mlangoni na chai mkononi, akikuambia kila kitu ki salama. Huyo ndiye ukifungua kifuniko unakuta bolti mbili hazipo.

"Hakuna tatizo kabisa," alirudia mwalimu mkuu, Bwana Shibukawa, akisukuma vikombe mbele yao. "Mtoto kama Wakana ndiye tunayemtafuta. Usonji siku hizi si jambo la kufichwa, Mama Wakana. Hapa Minagiwa tunauita kipaji."

Wakana, miaka kumi na miwili, alikuwa anautazama mguu wa meza. "Mimi nauita usonji," alisema.

Bwana Shibukawa alicheka, na kicheko chake kilikwenda mbali kuliko mzaha wenyewe. Norio, baba yake Wakana, naye alicheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo begani. Sanae alikunywa chai.

Sababu za Norio kucheka zilikuwepo. Tangu kiangazi walikuwa wakizunguka na mtoto mwenye akili ya kupita darasa lake na masikio yasiyostahimili kengele. Alama zake zilikuwa za juu. Alikuwa amekusanya kumbukumbu za mafuriko ya mto wa mjini mwao, mwaka kwa mwaka, toka vitabu vya mahekalu hadi vipimo vya juzi, na aliweza kukueleza ni ukingo upi ulivunjika na kwa nini. Lakini darasa likipiga makofi kwa pamoja, alitambaa chini ya meza na kuuma mkono wa sweta mpaka nyuzi zikakatika.

Sekondari ya kwanza ya kulipia waliyoiendea iliwajibu kwamba "ni vigumu kidogo", na mjini hapo hata mtoto anajua kwamba vigumu kidogo ni hapana, na msirudi. Hata mtoto, isipokuwa Wakana. Ya pili ilisema italifikiria. Wakana alingoja wiki tatu akiamini bado wanafikiri, mpaka mama yake akamwambia walishamaliza.

"Sasa kwa nini wasiseme wamemaliza?"

"Ni adabu, mwanangu."

Tangu siku hiyo Wakana akawa na swali lake. Kila walikokwenda alimvuta mama yake pembeni na kumnong'oneza: "Huyu anadanganya, au ni adabu?" Na Sanae alimjibu, maana mtoto alihitaji kujua.

Ya tatu ilikuwa sekondari ya kata, mwendo wa dakika nane kutoka nyumbani. Huko waliongea na Mwalimu Ogasa wa darasa la msaada, mwanamke mfupi, nywele zimekatwa duara kama kofia, asiyetabasamu. "Darasani kwangu wanasoma hesabu za shule ya msingi," alisema. "Mwanenu atakufa kwa uchovu wa kukaa bure. Darasa la kawaida lina watoto thelathini na wanane, na juu ya ubao pana spika. Mnataka lipi?" Halafu akafungua daftari. "Akizidiwa anafanya nini? Anapiga? Anakimbia?"

"Anatulia tu," Sanae alijibu.

Ulikuwa uongo. Mwaka uliotangulia Wakana alitoka shuleni mbio katikati ya mazoezi ya zimamoto, na walimkuta baada ya saa mbili kwenye nguzo ya kupimia kina cha mto, akinakili namba. Mwalimu Ogasa alimtazama Sanae kidogo, kisha akaandika mstari mrefu. Sanae aliondoka pale amevimba kwa hasira. Aliona wazi kwamba mwanamke yule anakusanya sababu za kuwakataa.

Ndipo ikaja Minagiwa, shule ya kilimani yenye lango jeupe. Waliandaa mtihani wa majaribio wa wazi kwa watoto wa mji mzima. Wakana akawa wa kwanza kati ya watoto mia nne na kumi na wawili. Siku ya tatu simu ikalia nyumbani, na mwalimu mkuu mwenyewe ndiye aliyekuwa upande wa pili.

"Na akielemewa?" Sanae aliuliza sasa, akiweka kikombe chini. "Kelele zikimzidi, atakwenda wapi?"

"Ahaa! Hilo tumeliandaa. Tafadhali, nifuateni."

Aliwapandisha hadi ghorofa ya tatu, mwisho wa ukumbi, akafungua mlango. Chumba kilikuwa kizuri; hilo Sanae hakulikana. Taa ya manjano hafifu, zulia nene la kijani, dirisha la kioo cha ukungu, meza moja, kiti kimoja. Kimya chake ungeweza kukilalia. Norio alimgusa binti yake bega kwa kidole kimoja, jinsi anavyopenda kuguswa. "Umeona, Wakana?"

"Kinatumika mara ngapi?" Sanae aliuliza.

"Mara moja moja tu. Mwanafunzi akihitaji dakika kumi, kumi na tano za kupumua."

Sanae aliinama kama anayeweka soksi sawa. Chini ya kiti zulia lilikuwa limelika mpaka uzi mweupe wa ndani, mashimo manne, moja kwa kila mguu. Ukutani palikuwa na ndoano, na juu yake alama ya mstatili iliyong'aa kuliko ukuta: kibandiko cha jina kilichobanduliwa si zamani. Chini ya ndoano palikuwa na ndala za ndani, ndogo, zimekwisha visigino.

Alikuwa bado anatafuta namna ya kuliuliza hilo kwa adabu, Wakana akaliuliza bila adabu.

"Kuna mtu anakaa hapa kutwa. Dakika kumi haziwezi kutoboa zulia hivi."

"Macho hayo!" Bwana Shibukawa alimgeukia Norio. "Unaona, Baba Wakana? Ndiyo maana tunamtaka." Akaufunga mlango taratibu.

Kwenye ngazi Wakana alimvuta mama yake mkono. "Huyu anadanganya, au ni adabu?"

"Sijui bado," alisema Sanae. Alikuwa hajawahi kumjibu hivyo.

Jioni ile Norio alimenya chenza tatu mfululizo bila kula hata moja. Alikuwa mtu mpole, fundi wa miwani, anayeamini kwamba watu wengi ni wema ukiwarekebishia lenzi.

"Sanae, shule mbili zimetufungia mlango. Hii imefungua, na wewe unakagua bawaba."

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Shule nzuri inampigia nani simu siku ya tatu?"

"Labda wamempenda tu!"

"Wameipenda namba yake. Hawajauliza hata anakula nini. Hawajauliza chochote, Norio. Yule mama wa kata mwenye nywele za kofia aliuliza zaidi."

"Wewe ungelishuku hata yai kwa kuwa halina mshono." Alianza kama anatania, lakini sauti ikamgeuka. "Nimechoka kusikia vigumu kidogo. Leo nimesikia hakuna tatizo. Ungeniachia siku moja tu niifurahie. Moja."

Sanae alichukua chenza moja iliyomenywa, akampa mumewe nusu, nusu akala yeye.

Hata hivyo Jumatatu aliomba ruhusa kazini. Alivaa koti lake la kijivu, akasimama ng'ambo ya lango jeupe la Minagiwa karibu na mashine ya vinywaji, na daftari la ukaguzi mkononi. Siku hiyo hakuona kitu. Saa kumi kasorobo wanafunzi walimwagika nje, wakicheka, wakisukumana, kama shule yoyote. Jumanne alifika mapema zaidi. Saa tisa kamili mlango mdogo wa ubavuni ukafunguka, akatoka msichana mmoja wa miaka kumi na sita hivi, peke yake, vizuia sauti vikubwa masikioni, kichwa chini. Aliingia kwenye gari dogo jeupe lililokuwa linangoja, likaondoka. Jumatano, saa tisa kamili, mlango ule ule, msichana yule yule.

Usiku ulikuwa haujaingia bado siku hiyo, supu ya miso iko mezani, simu ya Norio ilipolia mlio wa tangazo la usalama wa mji.

"Tahadhari kwa wazazi," alisoma. "Mtu wa kushukiwa. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, koti la kijivu, ameonekana siku tatu mfululizo akiwachungulia wanafunzi karibu na lango la shule na kuandika katika daftari. Watoto wasitembee peke yao." Akalitazama koti la kijivu lililoning'inia mlangoni. Akamtazama mkewe.

"Mama Wakana."

"Nini?"

"Una miaka mingapi vile?"

"Arobaini na minne," Wakana alimjibu baba yake, akiendelea kutenga vitunguu kutoka kwenye supu. "Ni yeye. Umri sawa, koti sawa, daftari sawa."

Norio alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha meza. Sanae uso ulimwaka. Miaka yote hiyo anawashuku watu, leo mji mzima umeamka kumshuku yeye. Kisha Norio akaacha kucheka, akalisogeza bakuli pembeni.

"Haya. Umeona nini huko?"

Alhamisi Sanae alikwenda na koti la bluu la mumewe, mikono imemfunika vidole. Hakujificha. Alilifuata lile gari jeupe moja kwa moja na kugonga kioo.

Mwanamke aliyekuwa kwenye usukani alishusha kioo kidogo, kiasi cha vidole viwili. "Wewe ndiye yule wa koti la kijivu. Uso nimeukumbuka."

"Ndiye."

"Wa gazeti?"

"Wa lifti."

"Wa nini?"

"Nakagua lifti. Nina binti wa miaka kumi na miwili, ana usonji. Wanataka kumpa kile chumba cha ghorofa ya tatu."

Mwanamke alizima injini. Aliitwa Bi. Hirukawa, alikuwa na uso wa mtu aliyezoea kungoja. "Jina lilikuwepo pale ukutani?" aliuliza.

"Limebanduliwa."

"Hulibandua kila wakija wageni. Binti yangu Kotone huambiwa leo abaki nyumbani, ni mapumziko. Anajua. Kalenda ya shule ameihifadhi kichwani, atakosaje kujua?"

Alieleza kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye mlango mdogo. Kotone alikuwa mwaka wa tano pale. Mwaka wa kwanza walisema akae chumbani wiki mbili, azoee. Wiki mbili zikazaa muhula. Mwalimu alileta karatasi asubuhi na kuzifuata alasiri. Chakula alikula mle mle. Mwakani walimpangia kufanya mitihani ya kuingilia vyuo kumi na kimoja, ingawa yeye anataka kimoja, kwa sababu kila atakachofaulu kitaandikwa kwenye bango la shule kana kwamba wamefaulu watoto kumi na mmoja.

"Na umemwacha hapo?" Swali lilimtoka Sanae kabla hajalipima.

Bi. Hirukawa hakukasirika. "Shule ya msingi alilia kila siku kwa miaka sita. Kila siku, dada. Tangu aje hapa hajalia hata mara moja. Sasa wewe niambie ningefanya nini. Usinihurumie, na usinihukumu. Nakueleza kwa kuwa umeuliza, na wewe ni wa kwanza kuuliza."

Mlango ulifunguka. Kotone alikuja, akamkuta mgeni, akasimama hatua tatu mbali.

"Huyu ana binti kama wewe," mama yake alimwambia. "Anataka kujua shule ikoje."

"Ni kimya," alisema Kotone. "Saa nane wanafanya mazoezi ya kwaya chumba cha chini. Nawajua wote kwa sauti. Yupo mmoja huchelewa kuanza. Sijui ana uso gani." Kisha akaingia garini na kufunga mkanda.

Sanae alirudi nyumbani kwa miguu, tramu zikimpita. Alikuwa amepata alichokitafuta, na hakikumpa raha yoyote. Siku zote alidhani akigundua udanganyifu kazi itakuwa imekwisha: unabandika karatasi nyekundu, lifti inafungwa. Lakini kile chumba kilikuwa kweli kimya, na yule msichana kweli halii. Ikiwa Minagiwa ni hapana, ndiyo iko wapi?

Alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kiangazi. Alimkalisha Wakana, akamweleza yote, bila kupunguza.

Wakana alisikiliza huku akikunjakunja pindo la blauzi. "Kotone anaweza kutoka mle chumbani akitaka?"

"Sijui."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Sikufikiria."

"Hilo ndilo swali lenyewe, mama," alisema Wakana, akaenda kuchukua kalamu.

Aliandika maswali kumi na manne. Wiki iliyofuata walikaa tena mbele ya Bwana Shibukawa, chai ile ile, tabasamu lile lile, na Wakana akafungua karatasi yake.

"Swali la kwanza. Nitasoma sayansi kwenye maabara pamoja na wengine?"

"Bila shaka. Polepole. Mwaka wa kwanza tutaangalia."

"Nani ataangalia?"

"Sisi walimu."

"Mimi nikiona niko tayari na nyinyi mkaona sipo, nani anashinda?"

"Ah, hapa hatuzungumzii kushinda na kushindwa, Wakana."

Wakana aliweka alama ya kuuliza kwenye karatasi. Mama yake aliziona zikiongezeka: swali la tatu, alama, la sita, alama, la tisa, alama. Mwalimu mkuu alikuwa na majibu laini kwa yote, majibu ambayo ukiyashika yanakuponyoka kama sabuni. Norio, aliyekuwa amekuja akiwa bado na tumaini moja mfukoni, alianza kuvitazama viatu vyake.

"Swali la kumi na nne. Nilikuwa wa kwanza kwenye mtihani. Ningekuwa wa mia mbili, mngepiga simu?"

Bwana Shibukawa alitabasamu, lakini safari hii tabasamu lilichelewa njiani.

"Kila mtoto ana thamani yake," alisema.

Wakana alimgeukia mama yake na, kwa mara ya kwanza, hakunong'ona. "Hiyo si adabu. Hiyo ni hapana."

Sanae alikuwa anatafuta maneno, Norio akasimama. Alishusha mikono mapajani, akainama kwa heshima zote, chini kabisa, kama ainamavyo mbele ya wateja wazee.

"Mwalimu Mkuu, tunashukuru sana kwa wema wenu," alisema. "Tumelifikiria jambo hili. Ni vigumu kidogo."

Njiani kurudi Sanae alimshika Norio mkono, jambo ambalo hawakulizoea barabarani.

Sasa walikuwa hawana shule. Desemba ilikuwa imeingia, na majirani walishaanza kuulizana watoto wao wanakwenda wapi. Sanae alizunguka na jambo hilo siku nne, akiwa ndani ya mashimo ya lifti, tochi mdomoni, na siku ya tano alikwenda peke yake sekondari ya kata na kumwomba Mwalimu Ogasa dakika ishirini.

"Nilikudanganya," alisema hata kabla ya kuketi. "Hatulii. Anaingia chini ya meza, anauma sweta, na mara moja alikimbia hadi mtoni."

"Najua," alisema Mwalimu Ogasa.

"Unajua vipi?"

"Wazazi wa watoto wenye akili ndio wanaonidanganya zaidi. Wanaogopa nikijua ukweli nitamweka na watoto wa kuhesabu vijiti." Alifungua daftari na kuligeuza ili Sanae asome. Ule mstari mrefu ulikuwa hivi: *Mama anaogopa. Hajasema kweli kuhusu kuzidiwa. Uliza tena, asiwepo baba.* Chini yake palikuwa na mchoro wa darasa, spika imezungushiwa duara, na mishale miwili kutoka dawati la karibu na mlango hadi chumba cha msaada. Hatua kumi na tisa, alikuwa amezihesabu.

Sanae aliutazama mchoro ule. Bado shaka ilimtambaa: pengine amechora leo, pengine humchorea kila mzazi. "Unaahidi nini?" aliuliza.

"Siahidi kitu. Mwalimu mkuu wangu anastaafu baada ya mwaka mmoja na hapendi jambo jipya lolote. Nimeomba ile spika ipunguzwe sauti kwa miaka sita. Ninachokitaka ni mtoto awe darasa la kawaida kwa masomo, aje kwangu saa sita kwa wiki, na atoke darasani wakati wowote bila kueleza sababu. Hilo la kutoka watalipinga. Nitahitaji mama msumbufu. Wewe ni msumbufu?"

"Mji mzima ulitangaziwa juu yangu," Sanae alisema.

"Yule wa koti la kijivu!" Na hapo, kwa mara ya kwanza, Mwalimu Ogasa alicheka, akiziba mdomo kwa daftari.

Walimleta Wakana na maswali yake kumi na manne. Kwa matano Mwalimu Ogasa alijibu hapana. Kwa manne alisema hajui, ataulizia. La kumi na nne, kama angempokea angekuwa wa mia mbili, alilijibu haraka: "Wewe ni wa kata hii. Ungekuwa wa mwisho ningelazimika kukupokea." Wakana hakuandika alama ya kuuliza hata moja. Sanae alihesabu zile hapana tano na, jambo la ajabu, usiku ule alilala.

Vikao vilikuwa saba kati ya Desemba na Machi. Mwalimu mkuu wa kata alisema wengine wataona ni upendeleo, kisha akasema hakuna kanuni, kisha akasema kanuni ipo lakini haikukusudiwa hivyo. Sanae alikuja na kanuni yenyewe, kurasa zimewekewa alama. Norio alikuja na barua ya daktari na keki za maharage matamu. Kwenye kikao cha sita spika iliteremshwa na kufungwa kitambaa. Hakuna aliyesema ni nani aliyeamua.

Aprili Wakana alianza, sare imemzidi mabega. Haikuwa hadithi ya kufurahisha mara moja. Wiki ya pili alikaa chini ya meza ya maabara kwa kipindi kizima, na watu walicheka. Mei mzazi mmoja aliuliza mkutanoni kwa nini kuna mtoto anayesamehewa gwaride la siku ya michezo. Siku tatu alikataa kwenda shule kabisa. Mwalimu wa jiografia alikasirika alipoambiwa kwamba ramani yake ya mafuriko ina kosa la mita themanini. Siku ya pili alimwomba Wakana alete vipimo vyake, na siku ya tatu akafuta ubao na kuchora upya. Sanae kila jioni alimkagua mtoto mlangoni: mikono ya sweta, rangi ya uso, idadi ya maneno. Baadhi ya siku mikono ya sweta ilikuwa mizima.

Jioni moja ya Juni, mvua ya majira imeushika mji, simu ya nyumbani ililia. Sauti ilikuwa ya msichana.

"Samahani, naitwa Mizushima. Naomba kuongea na Kiriyama."

"Kiriyama yupi?"

"Wakana."

Sanae alishika simu vizuri. "Namba hii umepewa na nani?"

"Na... na yeye mwenyewe, darasani."

"Lini? Kuna wenzako hapo pembeni wanaosikiliza?"

"Hapana, mama. Kuna paka tu."

"Unamtakia nini?"

Mkono mdogo ukaichukua simu kutoka mkononi mwake. Wakana aliisikiliza sauti ya upande wa pili, vidole vya mkono mwingine vikipiga pindo la blauzi.

"Ukurasa wa arobaini na mbili," alisema. "Siyo, swali la tatu limekosewa kitabuni, usilifanye. Ngoja nikueleze kwa nini. Ni refu. Una muda?"

Inaonekana alikuwa nao, maana Wakana aliketi sakafuni kwenye ukumbi, mgongo ukutani, akaanza kueleza. Sanae alisimama pale kidogo, sikio limetegwa. Kisha akaenda jikoni kuwasha jiko la wali, na mlango akauacha wazi.